Safi na Takatifu

Mtoto mmoja wa mafundisho alituuliza swali, nasi hatukuweza kumjibu. Ilikuwa mwezi wa Juni, tulipokuwa tukiwaandaa watoto kwa Komunyo ya kwanza. Tulikuwa tumeketi chini ya mti karibu na kanisa letu la Vitshumbi, kwa maana ndani joto lilizidi. Tulikuwa tumewaeleza kwamba siku ya Ijumaa tutafanya sikukuu ya Moyo Mtakatifu wa Yesu, na kesho yake, Jumamosi, tutaukumbuka Moyo Safi wa Maria. Binti mmoja mdogo, wa miaka tisa hivi, akainua mkono akasema, «Mwalimu, kwa nini Moyo wa Yesu ni mtakatifu na Moyo wa Maria ni safi? Yesu si safi? Maria si mtakatifu?»

Wenzake wakacheka. Sisi tukajibu upesi, kama wajibuvyo walimu wasiojua: «Ni mamoja, mwanangu. Ni maneno mawili tu, maana yake ni moja.» Mtoto akanyamaza, lakini uso wake ulionyesha wazi kwamba hakushiba. Tukamaliza fundisho kwa sala, tukaenda zetu. Swali lake tulilibeba mpaka nyumbani, wala halikutoka. Jibu tulilipata baada ya miezi mingi, nalo lilitupa aibu kwanza kabla ya kutupa furaha. Leo twataka kuwaeleza jinsi lilivyotufikia.

Asiyeijua Vitshumbi aelewe kwanza mahali tunapokaa. Ni kijiji cha wavuvi katika pwani ya kusini ya Ziwa Edward, ndani ya mbuga ya Virunga, ile iliyowekwa mwaka 1925. Mtu akitoka Goma hufuata barabara ya kaskazini, akapita Rutshuru na Rwindi, akateremka katika uwanda wenye nyasi na nyati mpaka aone maji. Mto Rutshuru na mto Rwindi huingia katika ziwa upande wetu, na mto Semliki hutoka upande wa kaskazini kwenda Ziwa Albert. Watu wetu huishi kwa tilapia. Mitumbwi huingia asubuhi, akina mama hupokea samaki, huwapasua, huwatia chumvi na kuwaanika juani. Ndio makayabo ambayo wengi wenu mmekula pamoja na bugali. Zamani chumvi ilivuka ziwa kwa mitumbwi kutoka Katwe, upande wa Uganda.

Na mgeni akija kwetu hushangaa kuona marabu. Ni korongo wakubwa, wenye upara na shingo tupu, wanaotembea katikati ya watu kama wazee wa baraza. Husimama karibu na meza za samaki wakingoja matumbo na vichwa. Watoto huwacheka kwa ubaya wa sura yao. Lakini siku marabu wasipokuja, ufuko wote hunuka. Ndege anayeitwa mchafu ndiye anayetuondolea uchafu. Jambo hilo tulikuwa tukiliona kila siku, wala hatukulifikiri.

Basi, turudi kwenye sikukuu ya Moyo Mtakatifu. Baada ya Misa tulikuwa na maandamano ya Ekaristi, na sisi tulipewa kazi ya kupanga mistari: watoto wenye maua mbele, kisha vijana, kisha akina mama katika vitenge vyao vya sikukuu. Tulitaka kila kitu kiwe kizuri. Hapo akaja mama mmoja, mjane, ambaye kazi yake ni kutia samaki chumvi. Mitumbwi ilikuwa imechelewa siku hiyo, naye akaja moja kwa moja kutoka ufukoni. Magamba yalikuwa yameshika mikono yake mpaka viwiko, na nguo yake ilinuka. Akasimama mwisho wa mstari, kimya.

Sisi tukamwendea tukamwambia kwa sauti ya chini, lakini wengine walisikia: «Mama, nenda kwanza ukaoge. Hapa ni mahali patakatifu.» Akajibu, «Ndiyo, Mwalimu,» akageuka akaenda. Hatukumwona tena siku hiyo. Maandamano yakapita vizuri, watu wakatusifu, nasi tukalala tumeridhika.

Miezi michache baadaye mvua zilianza, na pamoja na mvua ukaja ugonjwa wa kolera. Kwetu si mgeni. Vijiji vyote vya wavuvi vya maziwa yetu makubwa vinaujua, kwa maana watu ni wengi mahali padogo, vyoo ni vichache, na ziwa ndilo kisima cha wote. Tena nchi ya Rutshuru imezoea vita, na watu wakikimbia na kulundikana pamoja, ugonjwa huo huwafuata nyuma. Vijana wenye dawa ya maji wakasimama ufukoni. Kila mtu aliyeteka maji aliwapa bido yake, nao wakatia humo dawa ya klori kwa bomba la sindano, kisha wakamwambia angoje nusu saa kabla ya kunywa.

Foleni ilikuwa ndefu, na sisi tulikuwa na haraka. Nyumbani tulikuwa na mtungi mkubwa. Maji ya ziwa letu yana rangi ya kijani, lakini tukiyaacha usiku kucha katika mtungi, tope huzama chini, na asubuhi hubaki juu maji yanayong'aa. Tuliyatia katika gilasi, tukayainua juani, tukayaona hayana hata doa. Tukasema, «Hayo ni safi.» Tukanywa sisi, na mtoto wetu wa mwisho akanywa.

Yaliyofuata tutayaeleza kwa ufupi. Usiku wa pili mtoto alianza kuharisha na kutapika, na maji yaliyomtoka yalikuwa kama maji ya mchele. Kabla ya alfajiri sisi nasi tulianguka. Kolera ni mwizi mwenye haraka: humnyang'anya mtu maji yote ya mwili wake, na asipotiliwa mengine aweza kufa kwa muda wa saa chache. Majirani walisimama mlangoni, wakatuonea huruma, lakini waliogopa kuingia. Hatuwalaumu. Wana watoto nao.

Aliyeingia alikuwa yule mjane wa samaki. Hakusema neno juu ya sikukuu. Alichemsha maji, akapima lita moja, akatia vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, akaanza kumnywesha mtoto kijiko kwa kijiko. Alitusafisha kama mama asafishavyo watoto wachanga, na vitambaa vyote alivifua katika maji ya klori. Kulipopambazuka alimfunga mtoto mgongoni akampeleka mbio katika kituo cha afya, kisha akatafuta vijana wa kutubeba sisi. Kituoni tukatiwa maji ya mshipa. Wapendwa wasomaji, mtoto yu hai, nasi tu hai. Mgonjwa wa kolera akipata maji na chumvi mapema, katika watu mia haifi hata mmoja, ndivyo wasemavyo waganga. Asipopata, nusu ya wagonjwa waweza kufa. Kati ya hesabu hizo mbili, kwetu sisi, palisimama mwanamke mmoja mwenye harufu ya samaki.

Tulipopata nguvu kidogo, muuguzi alituuliza tulikunywa maji gani. Tukamweleza juu ya mtungi wetu. Akatikisa kichwa, akasema, «Mwalimu, maji yenu yalikuwa meupe. Hayakuwa safi.»

Neno hilo lilitupiga. Tukalala pale kitandani tukilitazama, na nyuma yake tukaona swali la yule binti likitungoja.

Kwanza tuseme juu ya weupe. Weupe ni jambo la macho. Wadudu wa kolera ni wadogo hata jicho haliwaoni, na gilasi ya maji yenye wadudu wengi yaweza kung'aa kama kioo. Mwaka 1854, katika mji wa London, kulikuwa na kisima cha bomba katika barabara ya Broad Street. Watu waliyapenda maji yake, wakayasifu kwa utamu wake, hata mama mmoja aliyehamia mbali aliendelea kuletewa maji hayo nyumbani kwake; akayanywa akafa. Katika majuma machache walikufa watu zaidi ya 600 katika mtaa ule. Daktari John Snow akaenda nyumba kwa nyumba akiuliza kila familia iliteka maji wapi, akatambua kwamba ugonjwa unatoka katika kisima kile. Tarehe 8 Septemba mpini wa bomba ukaondolewa. Na sisi wa Kivu tulipata fundisho lile lile kwa machozi. Mwezi wa Julai 1994, wakimbizi mamia ya maelfu kutoka Rwanda walifika Goma, wakanywa maji ya Ziwa Kivu, ambayo kwa kuyatazama ni maangavu sana. Katika mwezi mmoja kolera na kuhara damu viliua watu wapatao 50,000.

Kumbe weupe si usafi. Mtu aweza kuwa na kanzu nyeupe, maneno matamu, jina zuri katika parokia, na ndani yake mna kitu kinachoua. Bwana wetu aliwaambia Mafarisayo maneno makali juu ya makaburi yaliyopakwa chokaa; nje yanapendeza, ndani ni mifupa. Sisi siku ile ya maandamano tulikuwa tumevaa shati jeupe sana.

Sasa tuseme juu ya usafi. Neno «safi» lilitujia kutoka Kiarabu, na maana yake ni kitu kisichochanganyika na kingine. Twasema dhahabu safi, asali safi, maji safi. Ni neno la ndani kuliko weupe. Lakini tazameni hali yake: usafi ni kitu kinachoogopa. Tone moja la uchafu likiingia katika mtungi wa maji safi, mtungi wote umeharibika. Maji safi hayawezi kuyasafisha machafu kwa kuchanganyika nayo, hupotea tu. Kwa hiyo mwenye kitu safi hukifunika, hukiweka mbali, hukilinda. Na ndivyo inavyopasa. Mama anayefunika mtungi wake hafanyi kosa.

Na «takatifu» je? Neno hilo ni la Kibantu, tunda la kitenzi cha kale, kutakata. Wazee walisema mbingu imetakata, yaani haina wingu. Kwa hiyo asili ya «takatifu» iko karibu sana na asili ya «safi». Ni kama ndugu wawili waliolelewa nyumba mbalimbali. Yule wa Kiarabu alibaki sokoni na jikoni, na yule wa Kibantu akapelekwa kanisani, akapewa kazi ya kumtaja Mungu. Waisraeli wa kale nao walikuwa na maneno mawili. Moja lilikuwa la kitu kilicho safi, nalo ni ndugu wa lile neno la Kiarabu tulilolifanya «tohara», ambalo kwalo sisi Wakatoliki twasema toharani. La pili lilikuwa la kitu kilichotengwa kwa ajili ya Mungu. Sahani mpya ya dukani ni safi, lakini si takatifu. Kalisi iliyowekwa wakfu ni takatifu, na hata ikiingia vumbi siku moja katika safari ya Padri, ni takatifu bado. Itafutwa vumbi tu.

Mfano mwingine ni roho zilizo toharani. Kanisa lafundisha kwamba zilikufa katika urafiki wa Mungu, zina hakika ya kumwona, lakini bado zinatakaswa. Zimeshakuwa zake, usafi wao ndio haujatimia. Basi mtu aweza kuwa wa Mungu kweli, na magamba bado yakawa yameshika mikono yake.

Tulipofika hapo katika kufikiri, tulimkumbuka mama yule wa Injili aliyetokwa damu miaka kumi na miwili. Kwa sheria ya zamani hakuwa safi, na kila alichokigusa kilihesabiwa si safi. Akapenya katika umati akaligusa vazi la Yesu. Kama Yesu angekuwa safi tu, kwa namna ya mtungi wetu, uchafu wa yule mama ungempata. Lakini haikuwa hivyo. Uchafu haukupita kwenda kwa Yesu. Uzima ulipita kwenda kwa mama. Vivyo hivyo alimgusa mwenye ukoma kwa mkono wake, na mkono haukupata ukoma, bali mwenye ukoma alitakasika.

Hapo tukaelewa kazi ya wale vijana wa ufukoni. Dawa ya klori haifanyi kama maji safi. Matone machache ya dawa huingia katika bido nzima ya maji machafu, nayo hayapotei. Bido yote hugeuka kuwa ya kunyweka. Dawa haiyaogopi maji mabaya. Imetengenezwa kwa ajili yao. Ikibaki katika chupa yake, imefungwa vizuri, imewekwa juu ya kabati, haimfai mtu. Ndiyo sababu lugha yetu, kutoka katika mzizi uleule wa takatifu, imezaa neno «kutakasa», na katekisimu yetu imeiita neema inayokaa rohoni «neema ya utakaso». Kilicho safi hulinda usafi wake, na kilicho kitakatifu hutakasa. Mfano huu una mipaka, kama mifano yote. Dawa hufanya kazi kwa lazima, Mungu hufanya kwa upendo. Tena maji yenye tope jingi sharti kwanza yachujwe kwa kitambaa, ama sivyo dawa hulemewa, lakini hakuna tope linalomlemea Mungu. Hata hivyo mtu anayekwenda kuungama, naye akachuja kwanza moyo wake kwa kujichunguza, ataelewa tunasema nini.

Basi, Moyo wa Yesu twauita Mtakatifu kwa sababu ni chemchemi ya utakaso wote. Ni safi pia, tena kupita vyote, lakini neno safi halitoshi kwake. Na Maria? Tarehe 8 Desemba mwaka 1854, mwaka ule ule wa kisima cha London, Papa Pius IX alitangaza kuwa fundisho la imani kwamba Mama wa Mungu alikingiwa dhambi ya asili tangu nukta ya kwanza ya maisha yake, kwa ajili ya mastahili ya Mwanae. Neno la Kilatini analoitwa nalo maana yake ni «asiye na doa». Kuna njia mbili za kupata maji mema. Ya kwanza ni kujengea chemchemi huko inakotoka, hata uchafu usiingie kamwe. Ya pili ni kuyatia dawa maji yaliyokwisha kuchafuka. Maria ni chemchemi iliyojengewa. Sisi ni maji ya bido. Lakini Mwokozi aliyemkinga yeye ndiye huyo huyo anayetuponya sisi. Kwa hiyo Maria ni mtakatifu kweli, na Moyo wake twauita Safi ili tukumbuke zawadi aliyopewa. Wala usafi wake haukumfanya awaogope watu. Alisimama chini ya msalaba, mahali pa damu na matusi, katikati ya wezi wawili. Hakuenda kwanza kuoga.

Msomaji asidhani kwamba tunadharau usafi. Usafi wa mwili na wa moyo umegharimu damu katika nchi yetu. Mwenye Heri Maria Clementina Anuarite Nengapeta, mtawa wa shirika la Jamaa Takatifu, aliuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964 kwa sababu alikataa kumpa askari mwasi kile alichokuwa amemwahidi Mungu, naye alikufa akimsamehe. Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri mjini Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985. Alikuwa safi, ndiyo. Na lile neno la msamaha katika kufa lilikuwa la utakatifu.

Na karibu nasi zaidi, katika Goma yetu, yuko Floribert Bwana Chui. Alizaliwa Goma mwaka 1981, akawa mfanyakazi katika ofisi ya Serikali inayokagua bidhaa, na katika Jumuiya ya Sant'Egidio alikuwa rafiki wa watoto wa barabarani. Kazi yake ilikuwa kuzuia vyakula vilivyoharibika visiingie sokoni. Mwaka 2007 walimletea fedha ili aruhusu mchele ulioharibika upite. Kila mtu wa nchi hii anajua jinsi jambo hilo lilivyo la kawaida. Watu hulipa, hupokea, hunyamaza. Floribert alikataa, kwa sababu chakula kile kingewadhuru watu wengi. Mwezi wa Julai 2007 alitekwa, akauawa. Alikuwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025, katika Basilika ya Mtakatifu Paulo nje ya Kuta, huko Roma, Kanisa lilimtangaza Mwenye Heri.

Fikirini juu yake. Kama angetaka mikono safi tu, angeweza kuacha kazi ile yenye vishawishi akakaa nyumbani, na mikono yake ingebaki safi. Alikaa pale pale mpakani, kati ya magunia na noti, ili watu asiowajua wale chakula kisichowaua. Alikuwa kama dawa ndani ya bido.

Sasa imebaki kueleza mambo mawili ya mwisho, nayo ndiyo yaliyotutia aibu na furaha.

Tulipopona, tulikwenda ufukoni kumtafuta yule mjane. Tulimkuta mezani pake, kisu mkononi, marabu wawili wamesimama nyuma yake. Tulikuwa tumetayarisha maneno mengi, lakini tuliweza kusema machache tu: «Mama, siku ile ya maandamano tulikukosea. Tunaomba msamaha.»

Akaendelea kupasua samaki wake. Kisha akasema, «Mwalimu, mimi nilikwenda kuoga kweli. Nilioga, nikavaa kitenge changu kizuri. Nilipofika kanisani mlikuwa mmekwisha kufunga mlango.»

Tukakosa la kusema. Miezi yote hiyo tulidhani alikasirika akabaki kwake. Hakukasirika. Alitii, akaja, akakuta mlango umefungwa. Akatuonea huruma, akaongeza akicheka, «Samaki hawangoji, Mwalimu. Mwaka ujao mwambieni Padri angoje mitumbwi.»

Na tulimwambia Padri. Mwaka uliofuata maandamano yalianza alasiri, mitumbwi ilipokwisha kushushwa, na ufukoni paliwekwa mapipa mawili ya maji na sabuni ili akina mama wanawe kabla ya kupanda kanisani. Usafi ulihifadhiwa, wala hakuna aliyefukuzwa. Ni jambo dogo. Kumbe lingeweza kufanywa tangu zamani, kama tungeuliza kwanza saa ya mitumbwi.

Jambo la pili ni yule binti. Tulimwita siku moja baada ya fundisho, tukamwambia, «Mwanangu, tulikujibu vibaya. Si mamoja.» Tukamweleza habari ya mtungi na bido, jinsi kilicho safi kinavyojilinda na kilicho kitakatifu kinavyotakasa. Akasikiliza sana. Kisha akauliza, «Basi, Mwalimu, mtu mchafu akimgusa Yesu, ni nani anayebadilika?»

Tukamjibu, «Yule mtu.»

Akafikiri, akasema, «Basi kwa nini mlimfukuza mama yangu?»

Wapendwa wasomaji, hatukujua kwamba alikuwa mama yake. Tulikuwa tumewafundisha watoto arobaini, wala hatukuwa tumeuliza kila mmoja anakaa wapi na mama yake ni nani. Tulimwomba msamaha naye pia, kama tulivyomwomba mama yake. Akatupa, kwa namna ya watoto, mara moja, akakimbia kucheza.

Ninyi mnaosoma ukurasa huu, chemsheni maji yenu au yatieni dawa, hata yakionekana meupe namna gani. Nawieni mikono kwa sabuni. Funikeni mitungi. Na siku ya sikukuu mkimwona mtu mwishoni mwa mstari ambaye nguo yake inanuka kazi, msongeeni, mpeni nafasi. Pengine ndiye Mungu atakayemtuma mlangoni kwenu usiku, wengine wote wakiogopa kuingia.